Magogo ya Lac Vert na Salamu ya Mazuku

Nilikuwa ningali mutoto, meno ya mbele yametoka na hayajarudi, wakati koko alitukataza kuinama. Si kila fasi. Alitukataza kuinama kule ziwani Lac Vert, kwa lile shimo la mawe lenye liko kati ya njia na maji. Kitu yako ikianguka mule, usiiokote. Kamba ya kiatu ikifunguka, tembea nayo hivyo hivyo mupaka kule juu, kisha ndio ufunge.

"Mule analala mazuku," koko alisemaka. "Na mazuku iko na heshima sana. Ukiinama, anaona kama uko unamusalimia. Na salamu inaitikiwa."

Hakutuambia inaitikiwa namna gani. Haikuwa lazima. Asubuhi tulikuwa tunaona panya wamelala mule, hawana hata kidonda, kama watu wenye walichoka njiani. Koko alitufundisha pia kuangalia panzi: fasi panzi wanaruka, pita. Fasi hakuna kitu kinaruka, inua kichwa na uende mbio.

Koko Zaina alikuwa mama ya papa, baba yetu. Watu wake walitoka Kasongo, wakakuja Goma na biashara ya vitenge, wakajenga Birere, katikati ya muji. Volkano ilikula ile nyumba. Papa alikuwa dereva wa kamio ya mizigo kwenye njia ya Bunagana. Waasi walifunga njia yeye akiwa upande ya kule, na hatukumuonaka tena. Mama alishakufa mbele ya hayo yote. Kwa hiyo tulibaki watatu: koko, mimi Aziza, na yaya yangu Amisi, kaka mwenye alinitangulia kuzaliwa. Tukaenda kukaa karibu ya Lac Vert, kwanza chini ya shitingi ya plastiki, kisha ndani ya nyumba ya mbao.

Wakati wa volkano udongo ulitetemeka sana, na miti yenye ilikuwa pembeni ya ziwa ikateremuka ndani na mizizi yake. Ikabaki mule, mingine imesimama, mingine imelala, vichwa chini ya maji ya rangi ya majani-majani. Watu wakubwa wenye nyavu hawakuipenda ile fasi, juu magogo yalikuwa yanapasula nyavu. Lakini tilapia waliipenda. Walikaa mule kama watu wa kartye moja, mutaa moja, kila mumoja na mulango wake.

Amisi aliacha masomo mbele yangu, na mimi nikamufuata. Masomo yetu ikawa magogo. Gogo kubwa kuliko yote tuliliita Bariere, kama kile kizuizi cha waaskari njiani, juu kila ndobo, kila ndoana, yenye ilipita pale ililipa. Na chini ya Bariere kulikuwa tilapia moja munene, mweusi. Amisi alimuita Depite, kama wale wakubwa wa bunge.

"Juu ya nini Depite?" nilimuuliza.

"Si unaona? Anakula kila siku, na hakuna kitu anatuletea."

Yeye ndiye alinifundisha kuvua. Usitupe kamba juu ya gogo. Tupa mbele, kisha vuta pole pole mupaka usikie muti, kama vile kumugusa mutu mwenye amelala. Hapo inua kidole tu. Na kama ndobo inakamatwa, usivute kwa hasira, utakata kamba. Legeza, zunguka, enda upande mwingine.

"Gogo si adui yako, Ziza. Inataka tu utokee mulango wenye uliingilia."

Nimekutana na shida mingi kwa hii muji, na ile neno imenitosha kuliko mambo mingi ya masomo.

Siku yetu ya mwisho kwa lile ziwa, vita vilikuwa vimefika Sake, muji wa jirani. Tangu jana yake watu walikuwa wanapita kwenye njia na magodoro juu ya kichwa, mbuzi, sufuria, wazee juu ya chukudu za mbao zenye kusukumwa. Koko alitoka mapema kwenda Birere kututafutia fasi ya kulala. Alituachia neno: "Mufunge vitu. Na musiende kwa maji mbele jua halijapanda. Mazuku anaamukaka na ukungu."

Koko akiisha kwenda, Amisi akanitazama.

"Ziza, tunakimbia kweli, tunamuachia Depite ziwa lote?"

"Koko alikataza."

"Tunaenda tunarudi. Koko atakuta samaki imeshakauka na chumvi. Kule Birere tutakula nini, magodoro?"

Tukaenda. Ukungu ulikuwa bado umelala chini, hakuna hata upepo. Ndani ya shimo niliona kandege kadogo, mabawa wazi. Amisi akapita pale kifua mbele, kidevu juu, kama komanda, akisema: "Samahani muzee mazuku, leo hatuna salamu, tuko na haraka." Nilicheka mupaka nikashika tumbo. Lakini nikiwa nimesimama wima.

Mimi nilikuwa mwepesi, kwa hiyo nikatembea juu ya Bariere mupaka fasi yenye inaingia ndani ya maji, ili nimuonyeshe Amisi fasi Depite iko. Amisi alibaki pembeni, kamba imezunguka kidole. Hatukungoja. Kamba ikashuka, ikanyooka, ikaenda chini ya gogo.

"Ni yeye! Ziza, ni yeye!"

"Usivute!"

"Nani alikufundisha weye?"

Akalegeza. Akaanza kuzunguka, pole pole, akifuata mulango. Na ule mulango ulimupeleka upande wa shimo.

Hapo masasi ya bunduki ikalia kwenye njia, karibu kabisa. Mutoto wa Goma hafundishwi mara mbili. Mbele ya kujua kusoma, unajua hii: masasi ikilia, lala chini. Amisi akaanguka ndani ya shimo, tumbo chini.

"Ziza, lala chini! Lala chini!"

"Amisi, simama! Uko kwa mazuku! Simama!"

"Lala, watakupiga!"

Akainua kichwa. Alikuwa ananiangalia mimi tu, hakuangalia fasi alikuwa. Akanifanyia mukono: shuka, shuka. Nikalala juu ya gogo, nikalikumbatia, na nikaendelea kupiga kelele ile neno moja, simama, simama. Mukono wake ukashuka. Nikafikiri ananyamaza ili wasitugundue.

Masasi ikasogea. Nikashuka mbio kumufuata. Mama mumoja mwenye alikuwa anakimbia, simujui mupaka leo, akatupa godoro yake na akanikamata kwa upindo wa robe yangu.

"Usiingie! Mutoto, usiiname mule!"

Akaita papa mumoja, mwanaume mwenye alikuwa anapita. Yule papa akavuta pumzi, akafunga mudomo, akaingia na akamuvuta Amisi kwa mushipi wa suruali mupaka juu, kwenye majani. Hakukuwa damu. Hakukuwa kidonda. Alikuwa kama mutu mwenye alichoka njiani.

Kisha nikaona kidole chake kinatikisika.

"Iko muzima!" nikalia. "Muangalie kidole! Iko muzima!"

Yule papa akaangalia kidole. Kisha akafuata kamba na macho, mupaka kwa maji, mupaka kwa gogo, kule kamba ilikuwa ingali inavutwa. Akainama, akakata kamba na meno.

Tulimurudisha nyumbani juu ya chukudu. Koko alikuta ameshafunikwa. Majirani walikuwa wanasema chini chini: ule kijana alizoea kuchekea mazuku, ameitikiwa. Koko akawasikia.

"Mutoto wangu hakusalimia mutu," akasema. "Alikuwa anaita dada yake."

Watu wakasema tena, ili wamufariji, kwamba yeye alitukataza, kwamba neno lake lilikuwa la kweli. Koko akafunika uso na kitenge.

"Afazali ningekuwa muongo."

Tangu siku ile hakuongeaka tena juu ya mazuku, mupaka tulipomuzika na yeye.

Kisha watu wenye wanachunguza volkano walikuja, wakasimamisha kibao chenye kichwa cha mufu. Walisema ni gaz, inatoka ndani ya udongo, ni nzito, inakaa chini kama maji ndani ya bakuli. Ninaamini. Na koko pia ninamuamini, juu sikuonaka tofauti: wote wawili walisema usiiname.

Nimezunguka na ile asubuhi miaka yote hii, na sijapata mutu wa kulaumu ndani ya shimo. Vita vilitufundisha kulala. Udongo wetu ulitufundisha kusimama. Amisi alijua yote mawili vizuri kuliko mimi. Lakini muda ulimutosha kufikiria mutu mumoja, na ule mutu hakuwa yeye.

Sasa niko na kijana wangu, nilimupa jina la Amisi. Juzi-juzi masasi ikalia tena, tukiwa njiani, na akanivuta kitenge: "Mama, tulale?"

Niliangalia kwanza kama panzi wanaruka pale.