Nilivyomtajirisha Mgeni Kanisani

Mpaka leo nikimwona muumini wa kanisa letu la Greyville, hapa Durban, anakuja mbele yangu navuka barabara, hata kama robot, zile taa za barabarani, hazijaniruhusu. Cheka tu, na mimi ningecheka kama ingekuwa ni wewe.

Mimi ni kinyozi, mtoto wa Morogoro, lakini saluni nzima huniita Mmarekani kwa sababu ya video za rap: kofia zangu, mwendo wangu, na kile Kiingereza cha puani (ambacho, niseme ukweli, ni maneno machache niliyoyakariri, na mengine sijui hata maana yake). Jumapili moja wakaja wanafunzi kutoka Marekani, na kijana mmoja mweusi, Marcus, akaomba kutoa ushuhuda. Sasa, kanisa letu ni la Wakongo, na kwa hawa ndugu zangu mtafsiri hasimami tu kama nguzo: mhubiri akipaza sauti naye anapaza, akiruka naye anaruka, na akina mama wakirudi nyumbani wanamsifia yeye. Tena Furaha, binti wa kanisani niliyetamani anitazame, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Nikanyoosha mkono.

"Ndugu Eliya, unajua Anglais, Kiingereza ya kule?" Pasta akaniuliza.

"Pasta, hiyo naiota hata usingizini," nikamjibu, maiki nimeshaishika.

Marcus akaongea taratibu, kwa sauti ya chini. Nilichokamata ni kaka, video, gari, mkufu. Basi, nikajua hadithi yote! Nikawatangazia kwamba kaka yake ni msanii mkubwa, ana magari, ana dhahabu shingoni, Mungu amewatoa mbali. Watu wakalipuka, kinanda kikaingia, akina mama wakapunga vitambaa, na mimi kwa kunogewa nikaongeza nyumba ya ghorofa, nikaongeza na bwawa la kuogelea. Nilipogeuka, Marcus alikuwa analia.

"Analia kwa furaha!" nikapaza sauti.

Furaha akasimama. Yeye amesoma hapahapa Durban, Kiingereza anakijua.

"Eliya, acha! Kaka yake iko ku prison. Kesi inaendelea kesho, anaomba tumuombee, weye unaleta mambo ya piscine, ya bwawa!"

Kinanda kikanyamaza. Furaha akachukua maiki, akamwomba Marcus arudie, akatafsiri upya. Lile gari lilikodiwa kwa ajili ya video ya rap ya kaka yake, mkufu waliuazima. Kwao baridi ikizidi walilala na makoti, kwa sababu hawakuwa na hela ya kupasha nyumba moto. Kisha ukatokea wizi mtaani, hakuna aliyemwona kaka yake pale, lakini video ileile ndiyo inaonyeshwa mahakamani, eti tazameni, jambazi huyu.

Kanisa zima likapiga magoti. Na mimi nikapiga, kofia mkononi, natamani sakafu inifunike.

Baada ya ibada nilimfuata Marcus nje kumwomba radhi, kwa Kiingereza changu cha darasani, maana kile cha puani kilikuwa kimeniishia. Akaniuliza niliwaambia watu nini mpaka wakacheza. Nikamwambia yote, hata bwawa. Akatikisa kichwa, wala hakukasirika.

"Hata kule mahakamani," akasema, "waliiona video tu, kama wewe."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana.

Maiki sishiki tena, na saluni nimewaomba waniite Eliya. Furaha peke yake bado ananiita Mmarekani, na akiniita naitika, maana najua ananikumbusha nini.