Mayai ya Shangazi

Nilikuwa nimeshakunja mkono wa blauzi muuguzi aliponiuliza kama mayai yananidhuru.

Ilikuwa Kamembe, katika chumba cha chanjo cha hospitali, asubuhi moja baada ya mvua. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa Kifaransa kwenye shule ya Rwimbogo, na nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Kameruni. Huko huingii bila chanjo ya homa ya manjano. Mama alikuwa amenisindikiza, akabaki nje kwenye benchi na mwavuli wake. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alikuwa akiniuliza maswali huku mikono yake ikiendelea na kazi. Una mimba? Unanyonyesha? Una homa leo? Nilijibu hapana, hapana, hapana. Sindano alikuwa nayo mkononi.

"Na mayai je? Ukila mayai unapata shida?"

"Sili mayai."

"Huyapendi?"

"Nililishwa sumu kwenye mayai nilipokuwa mtoto."

Nilisema hivyo bila haya, kama mtu anavyosema aliwahi kuvunjika mguu. Kwetu, ng'ambo zote mbili za mto Rusizi, neno sumu halimshangazi mtu. Kila ukoo una jirani asiyefaa kunywewa pombe yake. Muuguzi naye hakushangaa, ila aliiweka sindano kwenye sahani, akavuta kiti.

"Nieleze ilivyokuwa."

Nikamweleza. Dada yake baba alikuwa ameolewa Bukavu, nyumba yake iko mlimani ukishavuka daraja la mpakani. Likizo moja nilipelekwa kwake. Nyumbani kwetu hatukula mayai. Mama alifuga kuku, na mayai yote yalikwenda sokoni. Shangazi alitaka kunifurahisha. Asubuhi alinikaangia mayai kwa kitunguu, akanipa na mkate. Nakumbuka utamu wake mpaka leo. Kisha midomo ikaanza kuwasha, macho yakavimba yakafumba, na shingoni ikawa kama mtu amenitia kidole kooni hataki kukitoa. Shangazi alinibeba mgongoni akateremka nami mbio mpaka darajani, akapiga kelele kwa askari wampishe, akanifikisha kwa mama.

Mama hakumshukuru. Alinipeleka kwa mwanamke mmoja anayejua kutapisha watu waliolishwa sumu. Nilinyweshwa maji machungu hadi nikazimia. Katika beseni, yule mwanamke alionyesha vipande vya yai kwa kijiti akasema, "Hii hapa." Tangu siku hiyo shangazi akawa mlozi. Alikuwa akiitwa kupika kwenye harusi za pande zote mbili, hakuitwa tena. Baba hakukanyaga kwake tena. Baba alipofariki, shangazi alikuja kwenye mazishi akasimama kando ya barabara, na hakuna aliyempa hata maji.

"Na baada ya hapo hukuugua hivyo tena?" aliuliza muuguzi.

"Mara moja. Kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu nilikula kipande kidogo cha keki. Midomo ikawasha, ulimi ukawa mzito. Mama anasema sumu haikutoka yote. Inalala, inaamka."

"Keki ina mayai," alisema muuguzi.

Nilimtazama. Aliongea polepole, kama anayemshusha mtoto mgongoni. Chanjo ya homa ya manjano hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, akasema, na mtu ambaye mayai yanamziba koo hachomwi hivihivi. "Leo sikuchomi. Utamwona daktari."

Niliinuka. Niliitazama ile sindano kwenye sahani, ndogo, safi, na nikafikiri jinsi nilivyokuwa nimeunyosha mkono. Kama asingeuliza. Kama ningejibu tu hapana, kama nilivyojibu mengine yote.

Nje, nilimweleza mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mwavuli ambao ulikuwa umeshafungwa.

"Ule muuguzi kwangu ni mutoto," alisema. "Anajua nini mambo ya sumu? Haiko mayai. Mi nilionaka na macho yangu."

"Maman, ulichokiona ni mayai."

"Nyamaza."

Akatangulia njia ya nyumbani.

Daktari wa hospitali ile alinieleza kwamba zipo njia mbili. Angeweza kuniandikia barua ya kuniondolea chanjo, nisafiri nayo. Au niende Kigali, kwa daktari anayeshughulika na aleji, wajaribu kunichanja kidogokidogo wakinitazama. "Barua itamridhisha askari wa uwanja wa ndege," alisema. "Mbu wa huko hatakuomba barua." Kisha akanitajia jinsi homa ile inavyoanza, na jinsi macho yanavyogeuka rangi, na nikatamani asingeendelea.

Niliogopa njia zote mbili. Darasani nilikuwa nikisimama mbele ya wanafunzi nikiandika ubaoni, ghafla mkono unaenda shingoni wenyewe. Nilimeza mate kuona kama yanapita. Chakula cha shuleni, maharage yaleyale niliyoyala kila siku, nilianza kuyachambua kwa kijiko. Mama alisema, "Kaa. Kazi unayo. Nani alikufukuza?" Zilikuwepo asubuhi nilizoona ana haki. Lakini nilikuwa nimeitaka safari ile tangu nikiwa msichana, na pia, sijui kama niliogopa zaidi kufa au kubaki bila kujua. Nikachagua Kigali.

Mama alisema sitakwenda peke yangu. Katika basi, kupitia msitu wa Nyungwe wote, rozari haikutoka mkononi mwake.

Daktari wa Kigali alikuwa kijana mwenye miwani, mcheshi zaidi kidogo kuliko nilivyotaka siku hiyo. Alinilaza mkono juu ya meza, akadondosha matone kwenye ngozi, mbali mbali, akachoma kila tone kwa ncha ndogo ambayo haikutoa hata damu. Mama alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. Tulitazama. Kwanza hapakutokea kitu, nikaanza kupumua. Kisha chini ya tone moja ngozi ikawasha, ikainuka uvimbe mweupe, na duara jekundu likatambaa kuuzunguka, pana, likizidi kupanuka mbele ya macho yetu.

"Hili lilikuwa yai," alisema daktari. "Hili la pembeni ni maji tu. Unaona, halikufanya kitu."

"Na sumu?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mumetia nini ndani?"

"Hakuna sumu, Maman. Ni yai la dukani. Nimelivunja mwenyewe asubuhi hii."

Mama alinyoosha kidole akataka kuugusa ule uvimbe, akakirudisha.

Baada ya hapo wakaanza chanjo. Tone dogo chini ya ngozi, halafu kusubiri. Kubwa kidogo, kusubiri tena. Kwenye sahani kando yangu ilikuwepo sindano nyingine, imeshajazwa dawa, ya kunichoma haraka kama koo litaziba, na mimi sikuweza kuacha kuitazama. Muuguzi alikuwa akinipima presha, akiniuliza, "Unapumua vizuri?" na kila akiuliza pumzi yangu ilikuwa inafupika. Katikati ya kazi kifua kikaanza kuwasha. Nikaona madoa mekundu yakijitokeza juu ya blauzi, shingoni. Wakasimamisha. Daktari hakuwa mcheshi tena. Alinisikiliza mapafu, akanitazama kooni kwa tochi, akamwambia muuguzi asiondoke. Moyo ulikuwa unapiga mpaka masikioni. Nilikuwa mtoto tena, mgongoni kwa shangazi, sioni njia, nasikia tu mbio zake na kilio chake.

Nilimgeukia mama. Midomo yake ilikuwa ikitikisika, nikadhani anasali. Niliposikiliza nikasikia anasema, "Wifi. Wifi yangu. Wifi."

Madoa yalipungua polepole. Hayakushuka kooni. Wakangoja sana, wakaendelea kwa uangalifu zaidi, wakamaliza. Jioni walinipa kadi ya njano yenye muhuri na sindano mbili za dharura za kusafiri nazo, wakanionya nisile yai maisha yangu yote. Niliinyanyua kadi nimwonyeshe mama. Hakuitazama.

Kabla ya safari tulivuka kwenda Bukavu. Wazo lilikuwa la mama. Siku hizo mpaka ulikuwa unafungwa mapema, tukapita asubuhi, kwa daraja la Rusizi ya Pili. Kwa hofu ya magonjwa mpakani tulinawa mikono, wakatuelekezea paji la uso kipimo cha homa. Aliyekuwa anapima alimwambia mama, "Mbona unatetemeka, Mama? Homa huna." Mama alisema ni baridi. Jua lilikuwa linawaka.

Shangazi alikuwa ameketi mlangoni anamenya maharage. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomuwazia, mwembamba, kichwa cheupe. Alitutazama muda mrefu, kisha akasema, "Nani tena amekufa?"

"Hakuna," alisema mama. Akapiga magoti palepale kwenye udongo, mwanamke mwenye miaka mingi na magoti mabovu, akamweleza yote: muuguzi, daktari, tone la yai, uvimbe. "Ilikuwa mayai, wifi. Mayai tu. Nilikuonea."

Nilidhani shangazi atalia, au atatufukuza. Aliendelea kumenya ganda moja mpaka likaisha.

"Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa najiuliza niliweka nini ndani ya ile kikaango. Labda mafuta ilikuwa mubaya. Labda kuna kitu iliangukia. Nilitupa kikaango. Batoto yangu sikubakaangia yai tena, niliogopa. Hata mimi nilijiogopa."

Kisha aliingia ndani, akatoka na chai. Kwa desturi ya huku mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Alikinyanyua kikombe cha mama apate kuonja, na mama akamshika mkono. "Usionje," alisema. Akakichukua, akanywa, nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Mimi nilikishika changu. Nilijua. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, ilikuwa chai na sukari, mayai hayamo. Lakini nilipokileta mdomoni koo lilijifunga, na kikombe kikagonga meno. Nilijaribu tena. Sikuweza. Shangazi alikiondoa mkononi mwangu taratibu, akamwaga chai kwenye mizizi ya migomba, akaosha kikombe, hakuninunia.

"Kule unaenda," alisema, "uulizake kwanza kama iko mayai. Usione haya."

Nikaenda. Kameruni nilikuwa nikiuliza kila mahali, mgahawani, kwa wenzangu, kwenye sherehe, hadi wakanitania. Sindano zangu zilikuwa daima mkobani. Nilianza kula kwa watu, mwanzo vijiko viwili, kisha sahani nzima, ingawa siku nyingine mkono ulinipanda shingoni bado, bila sababu.

Mwezi wangu wa pili huko mama alinipigia simu kunieleza kwamba shangazi amekuja Kamembe, amelala siku kadhaa, amempikia sombe ya majani ya muhogo na samaki.

"Ulikula?" nilimuuliza.

"Nilikula." Akaongeza, "Lakini niliomba kwanza. Niliomba sana."