Baba Yangu Haoni, na Ngitili Yake Inakatwa

Habari zenu wasomaji wa ukurasa huu. Naomba sana mnifichie jina, maana Bariadi ni mji mdogo na kaka yangu anajulikana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane. Ndoa ilinishinda, nikarudi nyumbani na watoto wangu wawili. Naishi na baba, ambaye presha ya macho imempofusha kabisa. Mama alishatangulia. Mimi ndiye nampikia baba, namfulia, namshika mkono akitaka kutoka.

Baba ana ngitili. Kwa msiotoka Usukumani, ngitili ni eneo la miti na nyasi ambalo mtu analifunga, halilimwi wala halichungiwi, mpaka kiangazi kikikaza ndipo ng'ombe wanaingizwa. Zamani hii ya baba ilikuwa nje kabisa. Mji umekua ukaizunguka, nyumba ziko kila upande. Juu kuna migunga na mikwaju, bondeni nyasi zinamfika mtu kiunoni. Ng'ombe walishakwisha, lakini baba hakutaka kuilima. Aliwaachia watu wapumzike humo. Jumapili wakitoka kanisani, wanakwaya wanafanya mazoezi kivulini, wachumba wanatembea, kina mama wanatandika kanga watoto wacheze. Baba anakaa kwenye kigoda chake, kila anayepita anamwamkia "Mwangaluka, baba," naye anamtambua kwa sauti na kumuulizia wa kwao. Tangu apofuke, hiyo ndiyo furaha aliyobaki nayo. Wiki nzima anangoja Jumapili.

Biashara ilipofunguliwa na watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, kaka yangu mkubwa aliingia akafanikiwa. Sasa ana duka na gari, na chakula tunachokula kinatoka kwake. Mavuno yaliyopita alikuja na wapima viwanja, wakapigilia vigingi kwenye ngitili. Nilipouliza, alinijibu mbele yao, "Wewe umerudi tu hapa. Mambo ya ardhi ya baba yanakuhusu nini?" Baba zangu wadogo wameshakubaliana naye. Kabla hajaondoka aliniita pembeni akasema, "Mzee asijue. Ana presha. Ukimwambia akaanguka, utamzika wewe."

Wakaanza kukata upande wa barabarani. Jumapili ya kwanza baba alisikia shoka akasimama.

"Nani anakata?"

"Ni kwa jirani, baba."

"Mwambie mpaka wetu ni ule mkwaju mkubwa. Asiupite."

Mkwaju wenyewe ulikuwa umelala chini mbele yetu. Nilimzungusha ili asijikwae kwenye matawi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kumzungusha. Kipande kilichobaki ni kidogo, kwa hiyo namtembeza humo humo, tunakwenda na kurudi, ili aone ni mbali kama zamani. Wanakwaya wamehamia kwingine. Akiuliza mbona haimbi mtu, nasema wamealikwa Maswa. Wanaotusalimia wanaona ninachofanya, wananiangalia kwa huruma na kunyamaza. Nami naona aibu mpaka nasikia joto masikioni.

Jumapili iliyopita nilimkalisha mahali pake pa siku zote. Baada ya muda akavua kofia, akainua uso.

"Mayu," akaniita. Ananiita hivyo, yaani mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Mbona jua linanipiga? Hapa huwa ni kivulini."

Nikasema majani yamepukutika.

"Masika hii?"

Alinyoosha mkono hewani, akaupeleka huku na huku akitafuta shina la mgunga aliokuwa akiuegemea. Hakuupata. Akaurudisha mkono taratibu, akauweka gotini. "Turudi nyumbani," akasema. Chakula aliomba nikifunike.

Nilimwendea kaka dukani nikamlilia. Nilimwomba abakize hata sehemu ile ya bondeni mpaka mzee atakapotutoka. Alisema viwanja vyote vina wenyewe na wiki ijayo mawe ya msingi yanashushwa. Kisha akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio uliniumiza zaidi, "Nikikuambia uondoke pale kwa baba, utakwenda wapi na watoto?" Kweli, sina pa kwenda.

Jana baba aliamka mchangamfu, akaomba uji akaumaliza wote. Akaniambia amemtumia salamu rafiki yake wa ujana aliyeko Malampaka, na Jumamosi atafika kwetu.

"Jumapili utatupeleka wote ngitilini," alisema. "Mwenzangu macho yake bado mazima. Nataka atembee mpaka bondeni, aniambie nyasi zimefika wapi."

Alikuwa ananigeuzia uso kama mtu anayeniona. Sijui kama ameshaelewa na ananipa nafasi ya kusema mwenyewe, au bado anaamini. Nikisema, naogopa nitamuua, na kaka atatufukuza. Nikinyamaza, mgeni atasema, na baba atajua kwamba mkono uliokuwa unamwongoza ndio uliokuwa unamdanganya.

Ndugu zangu, msinitukane, nimechoka. Nishaurini, nimwambie nini baba yangu kabla ya Jumamosi?