Mifupa Niliyoianika Juani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga yowe. Matroni wa hospitali, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, alinivutia boksi la mbao na kuniambia nifungue. Nikafungua. Fuvu la mtu likanitazama.

"Unapiga kelele za nini, binti wa Ujiji?" akaniuliza. "Na wewe umebeba hayo hayo chini ya ngozi yako. Yatoe, uyapange sakafuni kuanzia kichwa mpaka kidole cha mguu."

Nikaipanga mmoja mmoja. Nyumbani kwetu mtu akifa huoshwa, huvikwa sanda, huzikwa siku hiyo hiyo, na habari ya mifupa yake anabaki nayo Mungu. Huyu yeye alikuwa amefungiwa boksini pamoja na vidonge vya kuua mende. Nilimuuliza matroni ni mifupa ya nani. "Ya kufundishia," akajibu, akaenda zake.

Basi nikajifunza. Enyi vijana mnaosomea uuguzi, mnaopiga picha za mifupa na kuzisoma kwenye simu, sisi tulisoma kwa vidole. Mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita. Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, mingine ikiwa bado gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio, na inaungana kadiri anavyokua. Mtulinga ndio huo unaovuka bega hadi kifuani, na mtu akianguka na kujikinga kwa mkono mara nyingi huvunjika huo. Ndani ya mifupa mna uboho, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Mfupa wa paja ndio mrefu na mgumu kuliko yote. Nyonga ya mwanamke ni pana na tundu lake ni la mviringo, maana mtoto hupitia hapo. Ya mwanamume imebana. Hilo la nyonga matroni alinikaririsha mpaka nikachoka.

Nilikaa wodi ya wanaume waliovunjika. Makuli wa bandarini walioangukiwa na magunia, wavuvi waliobanwa na mitumbwi. Tuliwafunga hogo la plasta, na wa paja tuliwaning'iniza mguu kwa kamba yenye uzito wa mchanga ili mifupa isipandane. Niliipenda kazi ile. Siku moja Mganga Mkuu wa wilaya akaniita ofisini.

"Sista, unakwenda zahanati ya kijiji kipya, huko mbele ya Kidahwe. Na boksi nenda nalo, ukawafundishe watu miili yao."

"Mganga Mkuu, wakiiona mifupa ya mtu?"

"Ndiyo maana unapewa. Waione."

Yeye alikuwa anasema akiwa mjini, nyuma ya meza. Mimi nilifika kijijini nikakuta watu wana uchungu. Walikuwa wamehamishwa na serikali kwa malori kutoka vilimani, wamepangwa kwenye nyumba za mistari kama madawati, na nyuma yao waliacha migomba, mashamba ya kahawa na makaburi ya wazee wao. Kila jioni niliwasikia wakiulizana: nani anayalinda makaburi kule? Nilipoyasikia hayo nikalisukuma boksi chini ya kitanda. Nikafundisha afya kwa mdomo na kuchora vumbini kwa kijiti.

Masika yakaja. Bati la zahanati likavuja, maji yakaingia boksini, na mifupa ikaanza kuota ukungu. Sasa mimi ni mtoto wa Ujiji. Kwetu kitu kikilowa hutandikiwa mkeka, kinaanikwa kama dagaa. Sikufikiri mara mbili. Jua lilipotoka nikatandika mkeka nyuma ya zahanati, nikaipanga mifupa, nikaifunika kwa kanga yangu, nikaingia ndani kumhudumia mama mwenye homa.

Upepo ukaichukua kanga.

"Yebabawe!" nikasikia huko nje. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo aliimwaga akakimbia akipiga ukunga. Haukupita muda, uwanja ukajaa. Wanaume walikuja na mapanga na majembe moja kwa moja kutoka shambani. Mbele yao alikuwa Butoyi.

Butoyi alikuwa pacha. Mwenzake, Bukuru, alikufa kabla ya kuhama, wakamzika kule mlimani. Alikuwa mtu mpole. Siku nilipofika alinibebea mizigo. Siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu, na panga lilikuwa mkononi.

"Mmetutoa kwetu ili mpate kuwafukua wafu wetu!" akapiga kelele. "Huyu ni ndugu yangu! Mchawi, umemla ndugu yangu!"

Wanangu, nilijua mchawi anafanywa nini. Anachomewa ndani ya nyumba yake. Nilisimama mlangoni, mkojo unanitoka, na nasema wazi kwa kuwa sioni aibu tena. Mtu mmoja nyuma alikuwa tayari ameshika kibiriti. Kila nilichofundishwa kikatoweka.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyesimama katikati. "Butoyi, Bukuru alivunjika paja la kulia, sote tunajua. Aitwe aliyemfunga."

Akaletwa Bibi Ntahondi, mwunga mifupa. Huyo alikuwa na utaratibu wake: akimfunga mtu vijiti, naye kuku humvunja mguu akamfunga vivyo hivyo, ili wapone pamoja. Tulikuwa tunagombea wagonjwa, mimi na yeye, na salamu zetu zilikuwa za baridi. Nikasema moyoni, leo nimekwisha.

Butoyi hakumngoja. Alilidaka paja la kulia, akapitisha kidole nyuma yake, akaganda.

"Hapa! Kuna mshono! Ndipo alipovunjikia!"

Watu wakanguruma. Wakasogea. Nikaona kibiriti kinawashwa.

Mshono ule naujua. Ni ukingo wa kukwaruza unaopita nyuma ya paja la kila mtu, ambapo nyama hushika. Sauti ikanitoka kama ya mtoto: "Shikamoo, bibi. Nakuomba, shika na la kushoto!"

Bibi Ntahondi akausogelea mkeka. Akachuchumaa, akachukua mapaja yote mawili, akafumba macho, akayapapasa taratibu toka juu hadi chini, kisha akarudia.

"Yote yana mshono," akasema. "Mahali pamoja. Bukuru nilimfunga mguu mmoja. Na mfupa niliouunga mimi huacha fundo, kama la mwanzi. Hapa hakuna fundo. Butoyi, huyu si ndugu yako."

Butoyi akalitupa panga, akakaa chini, akalia kwa sauti. Kibiriti kikarudishwa mfukoni.

Lakini Mwenyekiti akasema mifupa haitalala tena juu ya ardhi. Butoyi mwenyewe akachimba kaburi. Nikaanza kuikusanya, na nilipoinua nyonga, nikaigeuza kuitazama vizuri. Ilikuwa pana. Tundu la mviringo. Jibu lilikuwa pale mkekani tangu mwanzo, na woga ulikuwa umelifuta kichwani.

"Bibi," nikasema, "huyu ni mwanamke."

Bibi Ntahondi akawageukia wanaume. "Rudini nyuma. Msimtazame."

Tukamwosha sisi wanawake. Nikamvika kanga yangu ile, iliyoandikwa *Mgeni njoo mwenyeji apone*, maana sanda sikuwa nayo. Butoyi akauliza, "Alikuwa nani?" Nikasema sijui. Akatikisa kichwa: "Basi kuna watu wanamtafuta."

Niliporudi mjini Mganga Mkuu aliuliza boksi liko wapi. "Nimemzika," nikamwambia.

Nimestaafu, nakaa Gungu, na sasa mifupa yangu mwenyewe inalia mvua ikikaribia. Nikisikia ukunga mtaani bado natetemeka, hata kama ni wa harusi. Na kila usiku wa Ijumaa nikiwaombea wazazi wangu, huongeza mmoja. Jina lake sina. Namwambia Mungu: yule wa kanga yangu.