Alama Tisini na Mbili

Mama Masijala alikuwa karani wa mafaili wa halmashauri kwa miaka kumi na tisa. Wenzake walimtania kwamba hata akiandika orodha ya sokoni lazima aweke tarehe na muhuri. Naye hakukasirika. Alijua mkono wake haujawahi kuandika uongo.

Asubuhi ya usaili wa dereva wa gari la wagonjwa, mkuu wa utumishi alimkabidhi bahasha. "Dada, fomu za alama hizi. Utazichapa baadaye."

Akaifungua. Fomu zilikuwa zimejazwa, sahihi za wajumbe wote watatu zimeshatiwa. Waombaji bado walikuwa nje kwenye benchi, viatu vinang'aa, midomo inacheza kwa sala. Shemeji wa mwenyekiti wa halmashauri alikuwa amepata tisini na mbili. Usukani, kibarua aliyeliendesha gari hilohilo miaka saba na kulijua kila shimo la barabara, amepata arobaini na moja.

"Bosi, mbona watu hawajaingia?"

"Wewe waite tu. Waingie, watoke, tukale."

Hasira ingekuwa afadhali. Alichohisi ni kinyaa, kama mtu aliyemaliza chai akamkuta mende ndani ya kikombe.

Wajumbe waliuliza maswali huku wakimenya karanga. Baadaye wote wakatoka uani kwa jaribio la kuendesha. Usukani alirudisha gari nyuma katikati ya mapipa kama anayetia uzi kwenye sindano. Zamu ya shemeji ilipofika, alichungulia chini akauliza, "Giya ya nyuma ndiyo ipi?" Alipoonyeshwa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya geti. Taa ikavunjika.

"Woga wa usaili huo!" mjumbe mmoja akasema, akapiga makofi.

Mama Masijala alirudi kwenye meza yake akachapa muhtasari, mikono imetulia tuli. Aliandika kuhusu giya, nguzo na taa. Chini yake akaongeza: "Alama 92. Fomu zilijazwa kabla ya usaili." Mkuu akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake, na karatasi ikabandikwa ubaoni pamoja na matokeo.

Hadi saa sita ubao ulikuwa umezingirwa. Muuguzi mmoja alikuwa anasoma kwa sauti, watu wanashika mbavu.

"Umenivua nguo!" mkuu alimfokea. "Si ungeniuliza kwanza?"

"Nilikuuliza asubuhi, bosi."

Karatasi ilibanduliwa. Shemeji akapewa kazi vilevile, na Mama Masijala akahamishiwa stoo ya matairi, kwenye chumba kisicho na dirisha.

Wiki iliyofuata Usukani alimfuata huko, akaketi juu ya tairi.

"Dada, wananitaka nimfundishe yule bwana. Wiki mbili."

"Ukawajibu nini?"

"Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikawaza mama mwenye uchungu yuko nyuma, na yule anatafuta giya." Akainamisha kichwa. "Nikakubali."

Mama Masijala alisonya, kinyaa kikampanda upya. "Walijua utakubali. Wanawajua watu kama wewe, mdogo wangu, kuliko wanavyozijua kazi zao."

Uani honi ililia mara tatu, ndefu, bila haya. Shemeji alikuwa anamwita mwalimu wake.