Mibuni Inayoshambuliwa Upesi

Bwana shamba alituambia mibuni yetu ya zamani inashambuliwa upesi na chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni changa. Hakusema inaumwa, alisema tuipulizie dawa mapema. Baba akaelewa kwamba haifai, akachukua panga. Alipomaliza kuukata mbuni wa nne, bibi, mama yake aliyeipanda, akaukumbatia wa tano.

"Mama, toka!"

"Anza na mimi basi! Mafua si yananishika kila Julai?"

Baba akainua panga. Mimi hata darasani huwa siwezi kujibu. Nikamrukia Baba, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Panga likaanguka. Akanizaba kofi, sikio likavuma.

Bibi akalikalia lile panga. Mchana nikampelekea bakuli la mtori wa ndizi hapohapo.