Usafi Nilioupitisha Bila Kuusoma

Mwanangu, nianze na ya aibu kabisa tusizungushane. Nakumbuka asubuhi moja niliandika "safi sana kijana, imepita" chini ya kazi ambayo sikuwa nimeisoma hata nusu. Mkono mmoja kwenye kompyuta, mwingine kwenye ndizi nyama. Wiki haikuisha, tenki zima la maziwa likamwagwa Old Moshi.

Wewe sasa umeanza kukagua kazi za wenzako, kwa hiyo kaa nikuambie. Shule niliiacha kidato cha pili, na sidhani kama ilinikumbuka. Kompyuta nilijifunzia dukani Kiboriloni, nikichapa kadi za harusi. Ndiyo maana mistari yangu ya programu ilikuwa inatisha. Ila programu yetu ya vituo vya maziwa, ile inayowatumia wafugaji meseji, ilikuwa huria, yeyote anaona ndani, anarekebisha, anatuma, na mimi nilikuwa kati ya wanaokagua kabla haijaingia vituoni.

Kijana mmoja wa Mbeya, Kelvin, ambaye hatujawahi kuonana, akatuma usafi wa programu. Ametoa vilivyojirudia, amepanga majina, ukiangalia unatamani kuhamia. Katikati akafuta kipande changu kilichokuwa kinatuma meseji ileile mara mbili kwa ng'ombe mmoja, kwa namba hii na kwa namba ile. Mwanangu, nilifurahi. Kipande kile nilikuwa nakionea haya kama suruali yenye kiraka. Nikasema kiondoke kabla watu hawajauliza nani aliandika.

Sasa wewe umezaliwa huku, unajua. Mtu wa Pasua, kule mjini, asiye na nafasi anampa ndugu yake wa mlimani ng'ombe amtunzie. Mtunzaji anakamua na kuchukua mbolea, ndama wanagawana. Daktari wa mifugo akichoma dawa, meseji ya kusimamisha maziwa mpaka dawa iishe mwilini lazima ifike nyumba zote mbili. Ndiyo sababu niliandika mara mbili. Kelvin wa watu angejuaje? Sikuwa nimeweka hata neno moja la kueleza.

Ng'ombe aliyekuwa kwa Mama Aika akachomwa dawa, mama yuko sokoni. Daktari akategemea meseji. Meseji ikaenda Pasua tu, kwa shemeji yake mwenye ng'ombe, naye akajua mama kaipata kama siku zote. Asubuhi Mama Aika akakamua, akapeleka kituoni, yakachanganywa na ya wenzake. Yalikuwa yaende kwa watoto wa chekechea. Bahati shemeji alipiga simu kuulizia hali ya ng'ombe baada ya sindano, kabla gari halijaondoka, ndipo tenki zima likamwagwa.

Nilipanda mlima siku hiyohiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyenifuta?"

"Ni mimi."

"Na unanijua?"

"Nakujua, mama."

"Basi ungeuliza."

Kelvin aliandika kwamba anaacha. Nikamjibu mbele ya wote kwamba aliyepitisha ni mimi, asiende popote. Kipande tukakirudisha, yeye akakiandika vizuri, mimi nikaweka maelezo ya ng'ombe wa nyumba mbili. Mpaka leo yupo.

Kwa hiyo, mwanangu, usafi ukija, kilichofutwa kisome zaidi kuliko kilichoongezwa. Usipojua kwa nini kiliwekwa, kiache mpaka umpate aliyekiweka. Na ukikuta aliyekiweka ni wewe, inua mkono, useme ni langu hili, lina kazi yake. Unaweza, nimekuona unavyosoma. Mungu akupe macho ya subira, na kazi yako iwashibishe watu usiowajua.

Jioni ya siku ile niliyopanda mlima nilimkuta rafiki yangu Elibariki, msimamizi wa kituo, akisugua tenki. Nikamsimulia yote, mpaka ya kiraka. Akasikiliza hadi mwisho, akanipa brashi.

"Ungetuambia tu kwamba umeandika vibaya," akasema. "Tungekucheka jioni moja, yakaisha. Haya, shika upande huo."